Kibao cha Mtu Mmoja

Wiki tatu baada ya kumzika Aniello, mume wangu Sabatino alikuwa anaishi kwa kahawa na sigara, basi. Nilipika mpaka nikachoka, nikamtukana mpaka nikachoka. Miaka thelathini na moja wale wawili waliuza piza pamoja, Aniello kwenye meza anatandaza donge la unga, Sabatino kwenye tanuru anaoka. Nikasema, huyu labda atakula anachooka mwenyewe, la sivyo namzika na yeye.

Nikanunua kijioveni cha umeme, nikaenda kwa muuza vyombo kule mtaani Sanità kutafuta kibao cha kuingizia piza ovenini.

"Mpini mrefu au mfupi, mama?"

"Jikoni kwangu ukigeuka unagonga friji. Mfupi!"

"Basi chukua hiki cha mbao. Unatandaza piza juu yake, unatikisa, inateleza yenyewe. Huhitaji mtu wa kukusaidia."

Nikaondoka nimefurahi, mjinga mimi.

Nyumbani Sabatino alikigeuza, akakinusa. "Hiki cha mtu mmoja."

"Kwani hapa mko wangapi?"

Ulimi wangu huu! Neno lilishatoka. Lakini jioni nilimkuta anakanda unga. Nilijifungia chooni nikamshukuru Mungu.

Kesho yake mchana akatandaza donge mezani, akapaka nyanya, akatupia jibini. Halafu akakishika kibao, akakiegemeza ukingoni mwa meza, akasimama tu.

"Unangoja nini?"

"Avute."

Kwetu piza haichotwi. Mtu wa meza huivuta kwa mikono miwili mpaka kwenye kibao, na mtu wa tanuru hupokea. Mume wangu alikuwa anapokea. Mikono yake ilisahau kwamba mwenzake hayupo.

Nikanawa, nikaivuta mimi. Ikachanika katikati, nyanya zikamwagika mpaka kwenye slipa zangu. Nikangoja anitukane.

"Yeye hakuwahi kuchana hata moja," Sabatino akasema polepole, akaanza kulia. Makaburini hakutoa hata chozi. Nami nikaangua kilio palepale, mikono imejaa unga. Aniello alikuwa shemeji yangu wa hiari, na nilikuwa nimemkasirikia kwa kufa.

Tukaioka na kilema chake. Sabatino akala nusu nzima, mpaka ukoko, nami moyo ukanitulia. Nikanyoosha mkono nichukue nusu iliyobaki.

Akanishika mkono. "Iache, Titina. Hiyo ya Aniello."