Kibuyu cha Kwanza

Mtama ulikuwa umeshachipua chini ya magunia. Nilikuwa nimeinama nikiutoa niuanike kwa ajili ya pombe ya mavuno, Hhando aliposimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Martini, siku ya mavuno mimi nitapeleka ng'ombe mbali. Nitarudi watu wakishatawanyika."

Ulikuwa mwaka ule sukari ilipopotea madukani. Hhando alikuwa akinilimia kwa maksai tangu nifiwe na mume, mpaka pombe ikamshika, ikamlaza hospitali ya misheni, macho ya njano kama kiini cha yai. Nilimfuata huko na uji. Sikujua maneno ya kumwambia mgonjwa wa namna ile. Nikasema tu, "Plau yako sijampa mtu." Akageukia ukutani.

Aliporudi nikawa namtuma mashineni kusaga kwa njia ya juu, ndefu, asipite kilabuni. Nikadhani nimemaliza wajibu wangu.

Lakini kwetu Mbulumbulu wavunaji wa ngano waliitwa kwa pombe. Anayeongoza mstari hunywa kibuyu cha kwanza, akatemea ardhi kidogo, akainua wimbo, ndipo miundu inaanza. Na huyo kiongozi, miaka yote, alikuwa Hhando.

"Nani ataongoza?" nikamwuliza.

"Thomasi yupo."

"Thomasi anaimba kama mlango."

Akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Kisha akatazama kofia yake. "Mama, nikiinusa tu, sijiwezi."

Angekwenda, na mimi ningevuna. Ila niliona: ukimficha mtu siku ya watu, umemfundisha kwamba hana nafasi kati yao. Jua lilipopanda, nikawamwagia kuku mtama wote.

Shemeji yangu Patrisi alipita akawakuta wanadonoa. "Shemeji, ngano utaivuna na malaika?"

"Nina makande na maziwa."

"Maziwa huita ndama. Hayaiti wanaume!"

Nilicheka naye, kisha nikatazama shamba. Nyati walishaanza kutoka msituni kulala upande wa chini wa shamba. Ngano ile ndiyo ilikuwa chakula chetu na mbegu yetu. Asipokuja mtu, ingekwisha chini ya kwato.

Asubuhi ya mavuno ukungu ulikaa juu ya masuke. Tulikuwa wawili, mimi na Hhando, kila mmoja akijifanya ananoa mundu. Ukungu ukapanda. Njia ilikuwa tupu.

"Ningekwenda na ng'ombe," akasema taratibu.

"Noa mundu, mwanangu."

Kwanza nilisikia vicheko. Akatokea Blandina, mke wa Patrisi, na wanawake wa kitongoji chote nyuma yake, miundu mabegani.

"Tumesikia leo watu watarudi nyumbani kwa miguu yao," akasema. "Tukasema tusikose."

Nilijaza kibuyu maziwa mgando. Hakuna aliyejua kama maziwa yanaweza kufungua shamba. Nikampa Hhando kwa mikono miwili. Akakiinua, maziwa yakamchirizika kidevuni; hakuna aliyecheka. Akanywa. Akatemea ardhi kidogo, kama zamani. Nikaogopa kwamba sauti nayo imebaki hospitali.

Ndipo akaimba. Sauti ilianza kwa kwikwi, ikajinyoosha, na mstari mzima ukainama pamoja.

Mchana wanaume wachache walikuja "kuangalia tu", Patrisi akiwa mbele. Blandina akamtia mundu mkononi bila kumtazama.

Kona ya chini hatukuiwahi. Nyati waliila yote, na mwaka ule tulibana matumizi. Nisiseme kwamba hapakuwa na hasara.

Mavuno yaliyofuata, kabla sijamwita mtu yeyote, Hhando alikuwa juu ya banda langu anaezeka. Patrisi akapita, akasimama, akakohoa.

"Shemeji," akasema, macho akiwa ameyapeleka kwa kuku, "ng'ombe wako wana maziwa mwaka huu?"

Juu ya paa, nyundo ikanyamaza.

"Wanayo," nikasema. "Njoo na mundu."