Ndoo ya Kilengea

Kitu cha kwanza kumshtua Aika kilikuwa kidogo sana: ndoo ilitua chini, na kabla yake haikusikika sauti ya kandambili.

Alikuwa amepiga magoti akifuta miguu ya meza, na juu ya meza simu ya Bi Masouda ilikuwa imewekwa kwenye spika. Asubuhi zote za nyumba ile ya Sidab, mtaa wa Maskati, zilianza hivyo. Bi Masouda alikunywa kahawa yake, akavaa miwani, akaanza kuvipigia simu visima.

Ndiyo, visima. Bi Masouda alikuwa injinia wa maji. Aliacha kazi serikalini ili amwangalie mama yake, Bi Kheiria, ambaye magoti yalikuwa yamemgomea, na tangu hapo akawafanyia kazi watu wa mashirika ya hisani huko Ulaya akiwa sebuleni kwake. Wao walitoa pesa za kuchimba visima Tanzania bara na Pemba. Yeye akaviangalia kutoka Maskati. Hawakuwahi kumwona sura. Kwenye kila pampu alikuwa amefunga kiboksi cha chuma, ndani yake simu ndogo yenye laini, na juu yake kibao cha sola. Ukiipigia, inajipokea yenyewe, nawe unasikia mpini ukipanda na kushuka, maji yakianguka, wanawake wakisutana na kucheka. Kwa kusikiliza tu, Bi Masouda alijua kama mpira wa ndani umelika au bomba limetoboka. Akamwandikia fundi kwenye kompyuta, akawaandikia wafadhili, siku ikapita.

"Masouda kaolewa na visima," Bi Kheiria alizoea kusema kutoka kitini pake.

"Visima havidai chakula cha mchana, mama."

"Havidai. Na wajukuu pia havileti."

Aika alizipenda asubuhi hizo, ingawa hakuwahi kumwambia mtu. Shule aliiacha akiwa darasa la tano, na alikuwa msichana wa kuitikia kwa kichwa. Neno likimfika kooni lilirudi lilikotoka. Lakini kisima cha kwanza kwenye orodha ya Bi Masouda kilikuwa cha kwao, Kilengea, kijiji cha tambarare chini ya Mlima Kilimanjaro. Bi Masouda alipokwenda kule kufunga kiboksi, ndipo alipomwona Aika akibeba zege kwenye karai, akamwomba kwa shangazi yake aje kumfanyia kazi Maskati. Kwa hiyo ilipofika zamu ya Kilengea, Aika hakukosa kazi ya kufanya karibu na meza. Alisikia jogoo wa kwao. Alisikia mbuzi wa jirani. Na zaidi ya wote alimsikia mdogo wake, Violeth, ambaye alijua siri ya kiboksi, akaja kukiwekea mdomo kila asubuhi.

"Aika! We Aika! Unakuja lini?"

Bi Masouda alicheka mpaka miwani ikamshuka. "Mwambie mdogo wako hicho kina sikio, hakina mdomo. Hawezi kukusikia."

Aika alitabasamu, akajibu moyoni: nakuja. Krismasi alipopewa simu aongee naye kweli, alisema vilevile. Nakuja mwakani. Mwaka uliofuata akasema hivyohivyo.

Kisha masika yakaja na homa, na Violeth akafa. Elikana, fundi wa visima wa upande ule, ndiye aliyeleta habari. Bi Masouda aliipokea kwenye simu, akaja jikoni, akamshika Aika begani, akamwambia. Aika alisema, "Sawa," akaendelea kuosha mchele. Tangu siku ile neno lenyewe, kwamba amekufa, halikutoka kinywani mwake. Wasichana wenzake wa kazi walipomuuliza kwao wako wangapi, alijibu, "Wawili. Mimi na mdogo wangu."

Baada ya masika kisima cha Kilengea kikageuka chumvi. Watu wakachimbiwa kingine karibu na shule. Elikana akang'oa mpini na mabomba, akaacha mfuniko wa zege na kiboksi, akisema atarudi kukifuata. Bi Masouda akaendelea kukipigia ili ajue betri kama ingali hai. Asubuhi baada ya asubuhi ilikuwa upepo tu.

Sasa ndoo ilikuwa imetua mahali ambapo hapakuwa na maji wala mtu wa kuyafuata.

"Nani yuko hapo tena?" Bi Masouda aliinamia simu, akaongeza sauti.

Ndoo ikagongwa. Mara mbili. Kisha kimya kirefu, kirefu hata mtu akataka kucheka. Kisha mara moja.

Pale Kilengea kisima kipo bondeni, nyuma ya mikonge, na msichana hapaswi kukaa huko peke yake. Akifika akakuta hakuna mtu, anapindua ndoo na kuigonga kitako kwa vifundo vya vidole: mbili, kisha moja. Maana yake: niko peke yangu. Anayesikia, awe jikoni, awe shambani, anagonga chochote kilicho mkononi mwake, sufuria au debe, vivyo hivyo. Maana yake: nakuja. Na ukishajibu, unakwenda. Hakuna kujibu halafu ukabaki umekaa. Ukikawia, aliyegonga ana haki ya kukufuata hadi mlangoni kwako akuulize kulikoni. Na wote waligonga kwa haraka, isipokuwa mmoja, aliyependa kuichelewesha ile ya mwisho ili dada yake asikilize kwa hamu.

Mkono wa Aika haukumngoja. Kabla hajafikiri, vifundo vyake vilikuwa vimeshagonga ndoo ya kupigia deki. Mbili, kisha moja.

Kule Kilengea upepo ulikatika, kama mtu anayezungumza akigeuza shingo. Kisha ndoo ikanyanyuliwa. Mshikio wake ulilia kidogo, ukazidi kwenda mbali, mpaka haukusikika.

"Umegonga nini, mwanangu?"

"Ndoo, Bi Masouda. Imeteleza."

Mchana ule Elikana akapiga simu kutoka kisimani penyewe. "Mama Injinia, mimi hapa nimesimama juu ya mfuniko. Hakuna bomba, hakuna ndoo, hata nyayo hakuna. Kama kuna kitu kinagonga, basi kinanigonga mimi."

"Usinifanyie mzaha, Elikana. Mimi nnasikia kwa masikio yangu."

"Basi labda ni masikio ya boksi, mama. Nalifungua leo hii nije nalo."

Alilifungua kweli, na Kilengea ikatoka kwenye orodha. Aika akapumua. Lakini asubuhi iliyofuata Bi Masouda alipopigia kisima cha upande wa Same, ambako wanawake walikuwa wamejaa wakisukuma mpini, zile kelele zao zilizimika ghafla. Sauti ya mmoja ikauliza, "Hilo debe la nani?" Kisha: mbili, kimya kile, moja.

Aika aliweka mikono kwapani, akaibana.

Zikapita siku, ikawa Korogwe. Huko wanawake walikimbia na kuacha ndoo zao hapohapo, fundi akaandika kwamba hawataki kurudi. Na Same, ambako ule mlio ulishapita, kulikuwa shwari kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Bi Masouda alichapisha ramani, akaitandaza mezani juu ya kitambaa cha plastiki, akaifuata kwa kalamu. Mafundi walibadili betri. Walibadili laini. Wafadhili walianza kuuliza kwa adabu kama viboksi vyake vinafaa.

"Ubovu unahama, mama," alimwambia Bi Kheiria. "Wallahi, miaka yote hii sijapata kuona ubovu wenye miguu."

"Wenye miguu si ubovu, huyo ni mgeni," alijibu Bi Kheiria. "Mimi masikio nnayo mabovu, lakini hilo nimelisikia. Huyo anabisha hodi. Mumjibu basi, mwenzenu anachoka."

"Mama, khalas, basi. Usimtishe mtoto."

Mtoto mwenyewe alisimama mlangoni na sinia. "Bi Masouda," alisema.

"Naam?"

Neno lilipanda. Lilifika mahali pake, likageuka. "Niongeze kahawa?"

"Ongeza, mwanangu."

Usiku alilala vizuri. Hilo ndilo lililomwogopesha zaidi. Hakuota kitu. Hofu yake ilikuwa ya asubuhi, kwenye jua, kahawa ikinukia iliki na simu ikiita mara mbili, mara tatu, kabla ya kujipokea. Alianza kuijua njia ambayo hakuwahi kuipita. Pangani, mlio wa ndoo ukaja na sauti ya mawimbi nyuma yake. Kisha siku nyingi hapakusikika kitu, hata Bi Masouda akaanza kuimba tena akiwa bafuni. Kisha Pemba, kisima cha kaskazini kabisa, mbili, kimya, moja, na safari hii gumba la mtu liliparuza kitako cha ndoo baada ya kugonga, kama afanyavyo mtu aliyesubiri akachoka na bado hataki kukasirika.

Bi Masouda alivua miwani, akajifuta uso. "Alhamdulillahi. Baada ya hapa sina kisima tena. Ugonjwa wetu umefika baharini, utakufa hapohapo."

Aika aliitazama ramani. Juu ya Pemba palikuwa bluu tupu, na juu ya ile bluu, Maskati.

Lilikuwa joto la mwezi wa nane. Ile saa baada ya chakula cha mchana, milima nyuma ya nyumba za Sidab hurudisha joto kama ukuta wa tanuri, na hakuna mtu anayetoka. Bi Kheiria alikuwa amelala, Bi Masouda amelala, viyoyozi vikinguruma vyumba vyote. Lori la maji lilikuwa limekuja asubuhi kujaza tangi la juu ya nyumba. Aika alikuwa jikoni akisugua sufuria ya wali, na bomba la jikoni likakohoa, likatema maji kidogo, likakatika.

Alijua kabla ya kusikia. Alifunga bomba. Akalifungua. Ndani ya ukuta, kutoka juu, ukashuka mlio wa kugonga kwenye mabomba: mbili.

Akangoja. Alijikuta anangoja kama zamani, karibu acheke, na machozi yakimtoka.

Moja.

Sufuria ilikuwa mkononi mwake. Vifundo vyake vilikuwa tayari juu ya kitako cha sufuria. Kugonga kulikuwa jambo jepesi kuliko yote duniani. Alilifanya tangu alipoweza kubeba kopo. Lakini akijibu tena, atakuwa amesema tena nakuja, na mwenye kusema nakuja lazima aende. Na sasa alijua vizuri ni wapi anakoitwa. Si Kilengea. Kilengea hakuna mtu kisimani.

Aliiweka sufuria chini, taratibu, kwa mikono miwili.

Ngazi ya kwenda juu ilikuwa nje, na chuma chake kiliunguza viganja. Juu ya paa mwanga ulikuwa mweupe kiasi kwamba aliona giza. Tangi lilisimama kwenye kona, na ubavuni mwake, kutoka chini hadi juu, lilikuwa limetoka jasho, kama mtungi wenye maji baridi sana. Chini yake, sakafu ilikuwa kavu. Ila palikuwa na duara moja la unyevu, mviringo wa kitako cha ndoo. Jua lililokausha kila kitu halikulikausha.

Aika aliweka kiganja kwenye tangi. Lilikuwa baridi. Ndani yake kitu kiliparuza, polepole, mkabala na kiganja chake hasa.

Kwao hakuna mlio wa ndoo wa kusema hapana. Hakuna aliyewahi kuhitaji kuutunga. Hata kwenye simu, kila Krismasi, hakuupata. Alisema nakuja, na Violeth akasema haya, nakungoja, na alikuwa amengoja hadi homa ikamchukua, na baada ya homa akaendelea kungoja, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Angeweza kusimama juu ya paa hili miaka. Violeth alikuwa na subira hiyo. Angegonga kila mchana, mpaka siku moja mkono wa dada yake usahau na ujibu.

Mbili.

Kimya kikaanza, kile kirefu. Aika akasogeza mdomo karibu na tangi, jinsi mdogo wake alivyokuwa akikisogelea kiboksi. Hakujua kama tangi lina sikio. Neno lilipanda, likafika kooni, na safari hii alilishikilia lisirudi.

"Violeth," alisema kwa sauti, na sauti yake yenyewe ikamshangaza kwa ukubwa. "Violeth, mdogo wangu, wewe umekufa. Usiningoje. Mimi siji."