Njiwa wa Uliana

Saa tatu asubuhi ya Ijumaa wanawake saba walinawa mikono katika karai moja nyumbani kwa Horpina, wakajifuta kwa taulo moja, wakafunga vitambaa vyeupe kichwani. Mezani kulikuwa na mayai sitini na kilo nne za siagi, na tanuri lilikuwa linawaka tangu alfajiri. Kesho yake Dzvinka, binti wa ubatizo wa Horpina, alikuwa anaolewa, na korovai ilipaswa iwe imeiva na kupambwa kabla ya jua kuzama. Korovai ni mkate wa harusi, mpana kama gurudumu la mkokoteni na mtamu kuliko keki. Watu wa kijiji cha Vilshanka husema kasisi hufunga ndoa, lakini korovai ndiyo inayokaza fundo.

Mkate huo una masharti yake. Waokaji lazima wawe hesabu ya witiri, kwa sababu shufwa ni ya mazishi. Kila mmoja awe kwenye ndoa yake ya kwanza, mumewe awe hai, na awe anaishi naye vizuri. Mjane haruhusiwi hata kuchungulia dirishani. Aliyeachika anaweza kusaidia kuosha masinia, lakini Jumatatu. Maana ya kuishi vizuri haikuwahi kuelezwa na mtu yeyote. Ilitosha mwanamke asiseme kitu.

Horpina alikuwa mkuu wa meza kwa mwaka wa ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna korovai yake iliyopasuka. Mwaka huu alimweka bintiye Uliana awe wa saba, kwa kuwa wa saba wa zamani alifiwa na mume wakati wa mavuno. Uliana aliolewa na Zakhar miaka mitano iliyopita, ng'ambo ya mto. Horpina mwenyewe ndiye aliyemchagua Zakhar, na alikuwa akijisifia uteuzi huo kila alipopata msikilizaji.

Mkate wenyewe ulikandwa kwa unga wa nyumba zote saba uliochanganywa pamoja. Njiwa wa kupamba juu ni jambo jingine. Kila mwanamke humfinyanga njiwa wake mmoja kwa unga alioubeba kutoka kwake, humchanja mbawa kwa kisu, humtia macho ya pilipili manga, na njiwa huokwa kwanza, kwenye sinia lao peke yao. Wakitoka motoni wanakuwa wamechukua hali ya nyumba walimotoka. Jambo hilo lilijulikana tangu enzi za mabibi na halikumshughulisha mtu. Njiwa wa Tekla, aliyeanguka ngazini utotoni, huegemea mguu wa kushoto. Mwaka juzi njiwa wa Nastunia alitoka na yai chini yake, na mumewe Nastunia akapata habari njema kabla hata ya mkunga. Njiwa wa Motria hunuka pombe, kwa sababu ya mume wa Motria. Njiwa wa Horpina hutoka bila mdomo, naye humbandikia wa karoti.

"Motria, huyu wako tumkalishe mbali na mishumaa," alisema Tekla sinia lilipotolewa. "Atatulipukia."

"Mwache. Huyu angalau anachangamsha shughuli. Wako ataomba fimbo kabla ya kufika kanisani."

Walicheka, na Horpina alicheka pamoja nao huku akiwahamisha njiwa mmoja mmoja kwenye kitambaa karibu na dirisha. Alipomfikia wa Uliana, kicheko kikamkauka. Njiwa alikuwa mzuri wa kichwa na kifua, rangi ya asali, lakini chini ya bawa la kushoto ubavu ulikuwa umebonyea mahali pawili. Mgongoni alikuwa na alama nne zilizopangana na ya tano pembeni, ndogo kama punje za mtama, na zilikuwa za bluu. Katika nyumba ile hakukuwa na kitu chochote cha kupaka rangi ya bluu. Horpina alipomgusa, njiwa alivuta pumzi kwa shida.

Wanawake walisogea, wakaangalia. Uliana alibaki mwisho wa meza akifuta unga mikononi. Uso wake ulikuwa safi, maana Zakhar ni mtu mwangalifu na hakuwahi kumpiga usoni.

"Haya," akasema Motria hatimaye. "Horpina, mkuu wetu. Tuko saba au tuko sita?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Mwanamke asiyeishi vizuri na mumewe hana ruhusa kwenye meza ile. Akiondoka Uliana wangebaki sita, hesabu ya jeneza, na unga wa mkate ulikuwa umeshaumuka hadi ukingoni mwa beseni. Hapakuwa na mwingine wa kuitwa. Vilshanka ilikuwa na wajane kumi na wawili, walioachika wanne, na wengine waume zao walikuwa Italia kwa miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliyejua wahesabiwe wapi.

"Subirini," alisema Horpina, akamshika bintiye mkono, wakaingia stoo, akafunga mlango.

"Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima ya mwaka juzi," alisema Uliana. "Mama, naweza kutoka. Waambie nimeumwa."

"Wamemwona njiwa. Nitawaambia umeumwa nini?"

"Basi waambie ukweli."

Horpina aliangalia mitungi ya matango ya siki iliyopangwa kwenye rafu. Moyo ulimuuma kweli, kama jino, na papo hapo aliwaza unga, na Dzvinka, na watu mia na hamsini walioalikwa, na jinsi atakavyoonekana yeye aliyemsifia mkwe wake mpaka kwa wasafiri wa basi. Mawazo yote yalimjia pamoja, na lile la bintiye halikuwa la mbele. Baadaye alijaribu kukumbuka kama lilikuwa la pili au la tatu.

"Harusi ipite kwanza," alisema. "Harusi ikiisha tutaongea. Utakuja, tutakaa, utanieleza yote."

"Harusi ikiisha."

"Mimi ni mama yako. Nimekwambia."

Uliana aliitikia kwa kichwa. Horpina alifungua mlango, akawaambia wenzake, "Saba," nao wakarudi kwenye unga. Mkate uliwekwa kwenye sinia kubwa, ukazungushiwa msuko wa unga, ukapakwa kiini cha yai mara tatu. Waliimba wimbo wa kuamsha tanuri. Sauti ya Uliana ilikuwa nzuri kuliko zote, na Tekla alimsifu.

Adhuhuri aliitwa mtiaji. Korovai haitiwi tanurini na mwanamke. Hutiwa na mwanamume mwenye nywele za kujisokota, aliyetulia katika ndoa yake, ili maisha ya maharusi yanawiri kama nywele zake. Ng'ambo zote mbili za mto hakuna mwenye nywele kama za Zakhar. Aliingia amevaa shati jeupe, akawasalimu wanawake mmoja mmoja, akambusu mama mkwe wake mkononi.

"Mama, mikono hii ingekuwa mjini ingepewa medali."

"Acha maneno, chukua ubao wa kutilia mkate," alisema Motria. "Na hizo nywele usiziunguze, ndizo tulizokuitia. Akili tunazo sisi."

Zakhar alicheka kuliko wote. Alipopita dirishani, njiwa wa Uliana alijilaza kifudifudi kwenye kitambaa, akaficha kichwa chini ya bawa la kulia, lililokuwa zima. Njiwa wengine sita hawakutikisika. Zakhar alimtazama kidogo, kama mtu anavyotazama saa ya ukutani, kisha akainua mkate wa kilo kumi na mbili na kuuingiza motoni bila kuugusisha popote. Wanawake walimmiminia kikombe. Alikinywa, akashukuru, akaenda kusaidia kupanga viti.

Korovai ilitoka haina ufa. Ilibaki kupamba, na hapo Horpina alikuwa hana mpinzani. Alipachika vikonyo vya matunda mekundu ya kalina, akasimamisha matawi yaliyoviringishiwa unga, akawapanga njiwa. Kwa njiwa wa Uliana alienda nyuma ya nyumba, akachuma barvinok, ile mitambaazi ambayo haikauki hata chini ya theluji, akarudi na aproni imejaa.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alisema Motria, akimpasia majani.

Walifunika. Njiwa alitoa kichwa. Walimfunika tena kwa safu ya pili, na Horpina akaikaza kwa vijiti. Kisha, kwa kuwa majani yalibaki, Nastunia aliweka machache juu ya njiwa wake mwenyewe, upande wa mgongo, na mwanamke aliyekuwa karibu naye akafanya vivyo hivyo. Horpina alikumbuka kwamba alipokuwa msichana, mama yake alichuma kiganja kimoja tu. Siku hizi aproni nzima haitoshi.

Ni majani hayo yaliyoipa korovai ya Vilshanka sifa. Kiangazi kilichopita alikuja mwanamke wa makumbusho ya mkoa, akapiga picha, akaandika gazetini kwamba wingi wa barvinok ni ishara ya upendo usiofifia. Motria aliikata karatasi hiyo na kuibandika chooni kwake, ili, alivyosema, mumewe ajifunze akiwa ametulia.

Harusi ilikwenda vizuri. Dzvinka alilia mahali panapostahili, bendi ilipiga, na wageni wote waliposogea kuitazama korovai walisema haijawahi kutokea nzuri kama ile. Jioni mshenga aliikata. Sehemu ya juu ilikwenda kwa maharusi, kitako kwa wanamuziki kama ilivyo desturi, na njiwa kwa wanawake wa ukoo. Horpina alinyoosha mkono mapema.

"Wa kwenye majani nipe mimi."

Hakutaka apewe mtu mwingine. Mshenga alimtoa njiwa kutoka kwenye barvinok na kumweka kiganjani mwake. Alikuwa na joto bado, ingawa aliokwa jana, na moyo wake ulidunda haraka dhidi ya kidole gumba cha Horpina. Horpina alimfunika kwa mkono wa pili. Aliona kwamba anampenda bintiye kuliko kitu chochote katika ukumbi ule, na akashangaa kwamba hilo halikumpa la kufanya.

Uliana alikuja akaketi kando yake. Alikuwa ameshavua viatu vya kuchezea dansi.

"Mama, harusi imekwisha."

"Nimeona."

"Kitanda changu bado kipo?"

"Kina viazi vya mbegu juu yake."

"Naweza kuvishusha. Mama, leo nisiende. Mwambie tu kwamba unanihitaji kesho kwa usafi. Wewe ukisema atakubali, mbele za watu hawezi kukataa. Sema neno hilo tu."

Zakhar alikuwa anakuja kutoka upande wa mlango akiwa na koti la mkewe mkononi. Njia nzima watu walimshika bega, na mzee mmoja alimsimamisha kumshukuru kwa viti. Njiwa alimhisi. Alijisukuma kati ya vidole vya Horpina, akatoa kichwa, akafungua mdomo. Horpina aliona ulimi mwembamba wa unga ukitetemeka, akajua kwamba safari hii hatajificha. Atapiga kelele, na ni kelele itakayosikika mpaka kwa bendi.

Akamtia mdomoni, mzima.

Alikuwa mkubwa kuliko alivyodhani. Horpina alitafuna. Njiwa alipiga bawa moja dhidi ya shavu lake kwa ndani, na mifupa midogo ikavunjika, ingawa hakuna aliyetia mifupa katika unga ule. Uliana alimtazama mama yake akitafuna, akasubiri.

"Mama yangu mtukufu!" alisema Zakhar. "Nimeona umejiwekea kilicho bora. Ni haki yako. Sasa sisi tunakuachia nafasi, njia ni mbovu na daraja lina utelezi. Au unamhitaji Uliana kwa jambo lolote?"

Aliuliza kwa heshima, akasimama hapo na koti, akangoja jibu kama mkwe mwema. Watu wa meza ya jirani waligeuka pia. Horpina alijaribu kumeza akashindwa. Aliziba mdomo kwa mkono, machozi yakamtoka, na bawa lilikuwa bado linapiga.

Akatikisa kichwa, hapana.

"Basi usiku mwema, mama," alisema Zakhar, akamfungulia mkewe koti.

Uliana aliingiza mkono mmoja, halafu wa pili, polepole ule wa kushoto. Aliinama akambusu mama yake kwenye paji la uso, kwa kuwa mashavu yalikuwa yamejaa. Walitoka. Injini ya gari ilikataa mara mbili, ikawaka.

Horpina alipofanikiwa kumeza, taa za gari zilikuwa zimeshavuka daraja. Motria alikuja na sinia tupu, akakaa mahali alipokuwa ameketi Uliana, akavua kitambaa chake cha kichwa.

"Eh, mkuu wetu. Alikuwaje?"

Horpina alijifuta mdomo kwa kona ya kitambaa cha meza, akafikiri kidogo.

"Amezidi chumvi," akasema. "Kwenye harusi ya Februari tutapunguza."