Saa Tano na Nusu za Angani

Dawa ya salfa ilikuwa imeisha kitambo kwenye mashine ya mgongoni, lakini Mikidadi aliendelea kuzunguka nayo chini ya mikorosho, ikinguruma bure. Tangu alfajiri alikuwa akipuliza huku macho yakiwa juu, utadhani ndege ya kutoka Dar es Salaam kwenda Maskati ingekatiza juu ya kijiji chao cha Lionja.

Ndani ya ndege hiyo alikuwamo bintiye, Hafidha, anakwenda kufanya kazi za ndani. Mikidadi hakumpa radhi. Juzi binti alimfuata shambani kumuaga, akasimama nyuma yake kama miaka yote alipokuwa akimbebea mfuko wa salfa, akauliza swali lao la kila alfajiri, maana salfa haipulizwi penye upepo: "Baba, upepo umetulia?" Mikidadi akavuta kamba ya mashine, ikanguruma, akampa mgongo. Tangu hapo hajalala.

Sasa alitaka jambo moja tu: kumwambia kwamba radhi anayo. Hafidha alimwahidi mama yake, Swaumu, kuwa akitua ataazima simu uwanjani apige. Akishakabidhiwa kwa mwajiri, hajui lini atashika simu tena. Tiketi ilisema kuondoka saa kumi na moja alfajiri, kufika saa tano na nusu. Swaumu aliambiwa na mwalimu kwamba ni kilomita elfu nne kasoro kidogo, na angani ni saa tano na nusu tu. Mikidadi akahesabu vidole mara mbili, akapata sita na nusu. Akamcheka mwalimu wa watu. Mikidadi ni mbishi, hata jua likichomoza atataka shahidi.

Swaumu alimsihi awahi kichuguuni, maana mtandao unapatikana pale tu. Akamjibu kwamba ndege haitui kwa kuhimizwa. Lakini kukaa hakuweza. Akatua mashine, akafagia chini ya mikorosho iliyokwisha kufagiwa jana.

Saa tano na robo akapanda kichuguu. Simu ikatetemeka mkononi: namba ngeni imempigia mara tatu, mara ya mwisho saa nne na dakika hamsini.

Alipopiga akapokea mwanamke, Mtanzania, akajitaja kuwa ni Sabaha, abiria wa ndege ileile. Akamweleza taratibu kwamba saa za kule zimetangulia kwa saa moja. Walipotua, huko Lionja ilikuwa bado saa nne na nusu. Hafidha ameshachukuliwa na mwajiri.

"Pole, baba. Alikungoja sana. Kaniachia swali, akasema ukipiga nikuulize."

"Swali gani?"

"Eti, upepo umetulia?"

Mikidadi alijifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la salfa, macho yakazidi kuwasha.

"Umetulia, mwanangu," aliiambia simu ya mtu baki, na mikorosho yote ilikuwa inayumba.