Pini, Mwambie

Pini alianguka mara ya kwanza Jumanne asubuhi, fundi alipokuwa anaanza kukata shati la mwalimu. Paka wa watu alikuwa amejilalia juu ya vitambaa, mahali pake pa miaka kumi na mitano, mara akaruka kama aliyechomwa, akadondoka sakafuni na kukakamaa. Miguu yote minne ikaanza kwenda mbio, kama ya mtu anayekanyaga cherehani kuwahi sikukuu. Povu likamtoka, mkojo ukamtoka, macho yako wazi na hayaoni kitu. Fundi alibaki na mkasi mkononi. Hata kumwita Mungu alikumbuka baadaye, mambo yalipokwisha.

Pini alipoinuka alizunguka chumba akiyumba, akampita fundi kama hamjui, akaenda kusimama mbele ya kigoda kitupu cha dada yake fundi. Akakikodolea macho. Hapo ndipo fundi alipohisi nywele zikimsimama.

Kigoda kile kilikuwa kitupu kwa miezi mitatu. Fundi na dada yake walikuwa wa tumbo moja, na walizeeka pamoja katika chumba hicho hicho cha ushonaji: dada mtu anakata, mdogo mtu anashona. Hakuna aliyeupanga mgawanyo huo, lakini ole wake mdogo mtu aguse mkasi mkubwa. Siku moja akaugusa. Dada alikuwa ametoka, bibi harusi kashikilia kwamba gauni lake lianze leo, basi mdogo mtu akajitia ujuzi na kukata mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake. Dada aliporudi aliliinua gauni juu, mbele ya bibi harusi na mama yake na kundi zima la mashangazi. "Huyu mkono wake ni wa kufumua," alisema, "si wa kukata." Watu wakaangua kicheko. Mdogo mtu hakucheka, na tangu siku hiyo hakumsemesha dada yake.

Sasa, watu wawili wanaofanya kazi chumba kimoja watanuniana vipi kutwa nzima? Uzi unatakiwa, chaki inatakiwa. Ikabidi Pini awe tarishi.

"Pini, mwambie huyo mwenzako alete chaki."

"Pini, mwambie chaki iko mbele ya pua yake."

Wateja waliona ni kichekesho. Fundi viatu wa mlango wa pili alikuwa anaacha soli zake kuja kusikiliza tu. Wanawake wawili wenye mvi wanasusiana kama watoto, na paka katikati anageuza kichwa huku na huku! Mchezo huo ulikwenda miezi miwili, na mimi nasema ulikuwa upuuzi, ingawa wenyewe waliuona ni heshima.

Asubuhi moja dada mtu alijifunga kitambaa kichwani aende kununua vifungo. Alifika mlangoni, akasimama. "Pini, mwambie nina neno nataka kumwambia. Nikirudi."

Mdogo mtu alisikia vizuri, na alisikia pia kwamba sauti ile haikuwa ya utani. Lakini kiburi kikampanda. Hakuinua hata kichwa. "Pini, mwambie nina kazi."

Dada akatoka. Alianguka mbele ya meza ya muuza vifungo, na hakufika hospitali akiwa hai.

Kwa hiyo paka alipoanguka, huna haja ya kumuuliza fundi aliwaza nini. Tarishi amerudi. Neno lile limo ndani yake, limemzidi nguvu, linamtupa chini. Tena lilimjia siku gani? Siku ile ile fundi alipothubutu kuushika mkasi wa marehemu na kufanya kama marehemu alivyokuwa akifanya kila mara kabla ya kukata: kuukatisha hewani mara mbili, kacha, kacha. "Kuuamsha mkasi," dada alikuwa akiita. Fundi aliuamsha, akaona kilichoamka.

Alhamisi Pini akaanguka tena. Jumamosi tena. Fundi viatu alikuja na ushauri wake. "Huyo kapandwa na kitu, dada'angu. Kamtupe mbali."

"Kajitupe wewe," fundi alimjibu.

Mteja akiwepo, fundi alimfunika paka kwa kanga na kusema ni uzee. Akiwa peke yake alipiga magoti, akamwinamia sikioni. "Amesema nini, Pini? Amesema nini?" Na kuna asubuhi alizofungua mlango wa duka akiwa na shauku. Aliona aibu juu ya shauku hiyo, lakini alikuwa nayo.

Wiki ya tatu Pini aliuma ulimi mpaka damu ikatoka. Fundi alimbeba ndani ya kikapu hadi kwa daktari wa mifugo, binti kijana aliyezoea zaidi ng'ombe. Daktari alimpima damu, akamkagua macho na masikio, akakosa ugonjwa.

"Mama, chanzo cha kifafa hiki sikijui," alisema. "Nenda uandike kila akianguka: saa ngapi, na wewe ulikuwa unafanya nini. Ila nikwambie ukweli, huyu ni mzee. Akiendelea hivi, siku moja hatainuka."

Fundi aliandika kwenye daftari la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya watu. Baada ya siku kumi daktari alipita dukani mwenyewe, akalisoma akiwa wima.

"Umeandika 'nikianza kukata' mara sita. Hebu anza kukata, nione."

Fundi alisita. Kisha akaushika mkasi. Kacha, kacha. Pini akaenda chini.

Daktari alisubiri mpaka paka alipotulia. "Ni mlio huo. Kuna paka, hasa wakizeeka, mlio mkali unawaangusha. Wengine ni funguo, wengine kijiko ndani ya glasi. Kwa nini huyu na si yule, hatujui. Usiukatishe mkasi huo hewani karibu naye, basi."

"Dada yangu aliukatisha mkasi huu hewani miaka yote, na paka huyu huyu amelala hapo hapo. Kilichobadilika ni mkono."

"Kilichobadilika ni umri, mama."

Fundi alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alikaa chini na kulia. Alikuwa amejiandaa kugombwa na dada yake. Kwa kuachwa hakuwa amejiandaa.

Mkasi uliingia kwenye droo. Akawa anakatia uani, kwa mkasi mdogo, mlango umefungwa. Wiki tatu Pini hakuanguka. Alinenepa kidogo, akaanza tena kuiba nyuzi. Lakini chumba kilikuwa kimya, na kila fundi alipokitazama kile kigoda aliwaza: vipi kama binti yule hajui? Vipi kama dada alikuwa anakaribia kusema?

Mchana mmoja, mvua imewazuia wateja, aliifungua droo. Pini alikuwa juu ya vitambaa, amelala chali, tumbo wazi.

"Mara moja tu," fundi alisema.

Kacha, kacha.

Safari hii haikwisha upesi. Fundi alisubiri neno, na kilichotoka ni povu. Miguu ilikwenda, ikasimama, ikaanza upya. Alitazama kigoda: kigoda tu. Alimtazama paka, akaona mnyama mzee anateseka kwa mkono wake yeye. Akautupa mkasi, akamwekea kitambaa chini ya kichwa, akabaki kapiga magoti anaomba kwa sauti, hajali nani anamsikia.

Pini alirudi polepole. Alimtazama fundi kwa macho ya mgeni, muda mrefu. Kisha akamnusa kidole, akapanda mapajani, akajikunja. Hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililomuuma fundi kuliko yote.

Alichukua bisibisi ya cherehani, akafungua skrubu ya mkasi, na mkasi ukawa vyuma viwili visivyoweza kutoa mlio. Akaviweka juu ya kigoda.

"Pini, mwambie..." alianza, kwa mazoea. Akampapasa paka mgongoni. "Basi, baba. Wewe pumzika."

Aliinua kichwa, akakigeukia kigoda na kumsemesha dada mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu siku ya gauni.

"Dada," alisema, "sikuwa na kazi."