Mkebe wa Shinyalu

Mkebe wa Shinyalu ulikuwa kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya ndoo ya kupigia deki. Kageha aliuona kabla hajaketi. Juu, machoni pa watu, ilijipanga mikebe ya chai ya majani kutoka mashamba ya Kericho, Nandi na Limuru, kila mmoja na jina lake kwa herufi za dhahabu.

Alikuwa ametoka Shinyalu asubuhi kwa bodaboda, mfuko wa chai mapajani. Aliichuma mwenyewe, majani mawili na chipukizi, akaisokota kwa viganja, akaiacha igeuke rangi na kuianika. Kisha akailaza pamoja na vipande vya mukombero, ule mzizi wa msituni ambao wazee huutafuna huku wakitaniana. Mwaka mzima alikuwa akiileta katika mkahawa huu wa bintiye mjini Kakamega, na mwaka mzima Awinja alimwambia, "Mama, wateja wanaisifu sana." Kageha alitembea na maneno hayo kanisani na sokoni kama mtu aliyevaa kitenge kipya.

"Nikupikie ya maziwa?" Awinja aliuliza.

"Nipe turungi. Ya Kericho. Nami niijue hiyo inayopewanga kiti cha mbele."

"Lakini Mama, wewe hunywangi turungi."

Ni kweli. Kwao turungi ni chai ya siku ambayo ng'ombe amekauka. Mgeni akipewa, anajua hakutarajiwa. Leo aliitaka hivyo hivyo, isifichwe na maziwa.

Alipiga funda moja. Mukombero ukampanda puani. Akapiga la pili, akiomba iwe ni ulimi wake uliozeeka. Ulimi haukuwa umezeeka.

"Awinja, mukombero umeanza lini kuota kwenye chai ya Kericho?"

Binti alifuta meza iliyokuwa safi. "Ya Shinyalu hawaitaki, Mama. Wanasoma jina, wanapita. Nilipoitia kwenye mkebe wa Kericho, wakairudia. Sikukudanganya. Wanaisifu kweli."

Hapo ndipo palipomchoma. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kinauma zaidi ukiwa umekizaa mwenyewe. Kageha alihisi machozi, akayameza pamoja na chai.

Phineas, karani wa kaunti aliyeketi dirishani, aliinua kikombe chake. "Watu wa Kericho wamebarikiwa! Mama, wewe umetoka wapi?"

"Shinyalu."

"Huko pia kunakuwanga na chai?"

Kageha alimwachia bintiye swali hilo, akamtazama, akangoja. "Ndiyo" moja tu, na angesamehe yote.

Awinja alicheka kidogo. "Huko ni mahindi na maharagwe."

Kageha alimaliza turungi yake, maana hakulelewa kumwaga chai. Akainama, akautoa ule mkebe nyuma ya ndoo, akaupangusa vumbi kwa kitambaa chake cha kichwa. Kisha akauchukua mfuko.

"Mama, si hiyo umeniletea mimi?"

"Nilileta ya Shinyalu. Wewe unauzanga ya Kericho."

Akatoka. Phineas akaomba kikombe kingine. Awinja aliufungua mkebe wa herufi za dhahabu, akaingiza kijiko, nacho kikakwaruza chini.