Kofia Mkononi

1.
Alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Nilifungua. Mume wangu, Koplo Elinami, amesimama na kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Naomba ukae kwanza."

"Baba Tumsifu, ni mimi."

Akanitazama. Akavaa kofia. Akaingia, akaomba chai.

2.
KITUO CHA POLISI: MAELEKEZO
Taarifa za vifo vya ajali zitaendelea kupelekwa kwa ndugu na Koplo Elinami, kwa kuwa anaifanya kazi hiyo kwa utulivu. Ombi lake la kubadilishiwa kazi limepokelewa.

Limepokelewa.

3.
Bombani, kota za polisi:

"Huyo akivua kofia, ujue umefiwa."

"Juzi kamwendea mama wa vitumbua, mama wa watu kafunga mlango, analia. Kumbe mwenzake ana njaa."

Wakacheka. Wakaniona. Ndoo yangu imeshajaa, maji yanamwagika, na mimi...

4.
Tumsifu, mwanangu, akaniambia:

Baba hali chakula. Anasema wali unanuka lami.

5.
Wewe unayesoma. Akija kwako, utamfungulia?

6.
TANGAZO
Leo Koplo Elinami atakuwa kwenye lindo la benki. Achukue bunduki ghalani baada ya gwaride.

7.
Asubuhi alimvisha Tumsifu saa yake ya mkono. Ikateleza hadi kiwikoni.

"Utakua nayo," akamwambia.

Kisha kwangu, taratibu, kwa ile sauti ya milangoni:

"Watakapokuja kukuambia, ukae kwanza."

Akaondoka. Viatu vyake vinang'aa.

Nikakaa.

Nikasimama.

8.
Sijawahi kuongea na mkuu wa kituo. Nikimwona, mimi huzunguka nyuma ya kota.

Nilikimbia. Ndala moja ilibaki njiani. Gwaride limekwisha, askari wamepanga foleni mbele ya ghala la silaha. Elinami ni wa tatu.

Mkuu alikuwa mlangoni pa ofisi yake. Nikafungua mdomo.



Akanitazama uso, akatazama mguu wangu usio na ndala. Akavua kofia.

"Mama Tumsifu. Pole sana. Njoo ukae kwan—"

"Vaa, afande."

"Mama..."

"Vaa kofia. Hajafa. Yule pale kwenye foleni. Usimpe bunduki."

Mkuu aligeuka kutazama ghala, kofia bado mkononi.

Foleni ilisogea.